Nani Kaandika Chini ya Picha?

Mpwa wangu alipomaliza chuo nilimsindikiza studio kupiga picha ya mahafali. Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari: taa mbili, kiti cha mbao kilichopakwa vanishi, na pazia lililochorwa rafu za vitabu kutoka sakafuni hadi darini. Kijana mpiga picha akamvisha joho, akamweka kofia sawa, kisha akachomoa chini ya meza kitabu kinene chenye herufi za dhahabu.

"Dada, shika hivi. Usinitazame mimi. Tazama kitabu, kama unasoma."

Mpwa wangu akajaribu kukifungua. Kikagoma. Kumbe lilikuwa boksi lililovikwa jalada.

"Hicho hakifunguki," kijana akasema bila wasiwasi wowote. "Ni cha picha."

Tulicheka, tukalipa, picha ikatoka nzuri. Lakini lile pozi liliniganda kichwani wiki nyingi. Macho chini, mikono juu ya kitabu, vazi zito la kisomi. Nilikuwa nalijua. Ni pozi la Erasmus wa Rotterdam, msomi aliyechorwa hivyo miaka mia tano iliyopita na mafundi watatu ambao Ulaya ya kaskazini haikuwa na wa kuwazidi. Nikawa nazifungua picha hizo kwenye simu usiku, moja baada ya nyingine, nikidhani natafuta asili ya pozi.

Nilichokikuta ni ugomvi mwingine kabisa.

Mtu aliyejua kuchorwa

Erasmus hakuwa na ardhi wala cheo cha kurithi. Baba yake alikuwa padri, naye alizaliwa nje ya ndoa. Mtaji wake ulikuwa Kilatini, Kigiriki, na marafiki waliotapakaa kuanzia Uingereza hadi Italia, wengi wao akionana nao kwa barua zaidi kuliko ana kwa ana. Wasomi wa aina hiyo, waliorudi kwenye vitabu vya Wagiriki na Warumi wa kale kutafuta namna ya kuishi, ndio wanaoitwa wahumanisti. Waliandikiana bila kuchoka. Barua zisipotosha, walitumiana sura.

Mwaka 1517, mjini Antwerp, Erasmus na rafiki yake Pieter Gillis walikaa mbele ya mchoraji Quentin Metsys. Kila mmoja na ubao wake, picha mbili za kutazamana, zawadi kwa rafiki yao Mwingereza, Thomas More. Kazi ikakwama. Daktari alimpa Erasmus vidonge vya kusafisha nyongo, na aliporudi kwa mchoraji akaambiwa uso si ule tena. Ikabidi wangoje siku kadhaa sura irudi mahali pake. Kisa hiki alimsimulia More yeye mwenyewe kwenye barua, na ni dhahiri alikuwa anajicheka.

Picha zilipomfikia More, alizifurahia. Ila kilichomshika zaidi hakikuwa uso wa mtu. Gillis amechorwa ameshika barua iliyotoka kwa More, na Metsys aliuiga mwandiko wa More vizuri mno, hata More akamwomba Gillis amrudishie ile barua halisi. Nampenda More hapo. Rafiki zake wawili wako mbele yake kwa rangi ya mafuta, na yeye jicho lake linakimbilia maandishi.

Lile pozi nalo lilikuwa la kuazima. Mwaka mmoja kabla, Erasmus alikuwa ametoa kazi za Mtakatifu Yeronimo, yule mtafsiri wa Biblia, alizozihariri kwa miaka. Wachoraji walikwishazoea kumchora Yeronimo katika chumba chake cha kusomea, vitabu nyuma, kalamu mkononi. Metsys alimtoa mtakatifu, akamkalisha Erasmus.

Kisha akaja Hans Holbein, kijana aliyeishi Basel, Uswisi. Mwaka 1523 alimchora Erasmus zaidi ya mara moja. Kuna picha anayoonekana ubavuni akiandika, ambayo iko Louvre, na kuna ile kubwa iliyoonyeshwa miaka mingi National Gallery ya London, mikono imetulia juu ya kitabu kilichofungwa. Kwenye kingo za kurasa za kitabu hicho pana Kigiriki: kazi za Herkule. Yaani kusahihisha maandiko ya kale neno kwa neno ni kazi ya shujaa aliyeua simba na kusafisha mazizi. Ni majivuno, lakini yamewekwa pembeni, kwa lugha ambayo wachache waliweza kuisoma, ili mwenye kujua ajue.

Picha hizi zilikuwa na kazi. Erasmus alizituma Uingereza kwa watu waliomsaidia kifedha, na Holbein naye alipotaka kwenda huko mwaka 1526, Erasmus alimwandikia Gillis ampokee njiani: sanaa huku imeganda kwa baridi, alisema, huyu anakwenda Uingereza kukwangua sarafu.

Kibao cha mawe

Wa tatu ni Albrecht Dürer wa Nuremberg, na hapa ndipo nilipokwama.

Dürer alimwona Erasmus mwaka 1520 akiwa safarini Uholanzi ya Kusini, yaani Ubelgiji ya leo, akamchora kwa mkaa. Miaka sita baadaye, mwaka 1526, akatoa mchongo wa shaba uliochapwa kwenye karatasi. Erasmus amesimama kwenye dawati la mteremko, anaandika, mkono wa kushoto umeshika kidau cha wino. Kuna maua kwenye chombo. Mbele kuna vitabu, kimoja kimefunguka kuelekea kwetu. Nyuma yake kuna kibao kikubwa kama jiwe la kaburi, kimekula sehemu kubwa ya ukuta, nacho kinasema kwa Kilatini kwamba hii ni sura ya Erasmus iliyochorwa na Dürer kutoka kwa mtu aliye hai. Chini yake, kwa Kigiriki:

*Iliyo bora zaidi, maandishi yake yataionyesha.*

Tafakari kidogo. Mchoraji bora wa Ujerumani amechonga kila mkunjo wa vazi, halafu katikati ya kazi yake ameweka tangazo kwamba ukitaka sura ya kweli, nenda kasome vitabu.

Maneno hayo Dürer hakuyabuni. Yalikuwa tayari kwenye medali ya Metsys ya mwaka 1519, medali ambayo Erasmus aliigawa kwa marafiki. Mwaka huohuo wa 1526 Dürer alimchonga pia msomi Philipp Melanchthon, akaandika chini yake kwamba mkono wa fundi unaweza kuuchora uso, lakini akili hauwezi kuichora. Ilikuwa lugha yao: mwili ni gamba, mtu yuko kwenye maandishi.

Erasmus hakuupenda sana mchongo ule. Kwenye barua kwa Willibald Pirckheimer, rafiki yao wa Nuremberg, alisema kwa adabu kwamba Dürer anastahili kukumbukwa milele, na kama sura hailingani si ajabu, maana yeye si yule aliyekuwa miaka mitano iliyopita. Adabu ya mwanadiplomasia hiyo.

Kwa siku kadhaa niliishi vizuri na sentensi ile ya Kigiriki. Hata nikaileta kwetu. Muyaka wa Mombasa, nani anaujua uso wake? Hakuna. Lakini ukisoma beti zake unamsikia akitania, akichokoza, akilia njaa. Maandishi yanaonyesha bora zaidi. Nikaridhika.

Halafu nikaingia kwenye michoro mingine ya safari ileile ya Dürer.

Katharina

Dürer aliondoka Nuremberg mwaka 1520 pamoja na mkewe Agnes na mtumishi wao, akifuata mambo ya pesa: alitaka mfalme mpya, Karl wa 5, athibitishe malipo aliyokuwa akilipwa kila mwaka. Njiani aliandika shajara, na sehemu kubwa ya shajara hiyo ni hesabu: nimelipa hiki, nimezawadiwa kile, nimemchora fulani, amenipa au hajanipa. Antwerp ilikuwa bandari ya bidhaa za dunia nzima, na Wareno walikuwa na ofisi yao ya biashara pale. Walimzoea Dürer, wakampa sukari, nazi na kasuku.

Wakala mmoja wa Ureno aliitwa João Brandão. Nyumbani kwake alikuwamo mwanamke Mwafrika. Mwaka 1521 Dürer aliandika kwamba amemchora kwa kalamu ya ncha ya fedha, na akamtaja kama mwanamke mweusi *wake*, yaani wa Brandão. Mchoro upo hadi leo, katika jumba la sanaa la Uffizi, mjini Florence. Ni karatasi ndogo. Juu yake Dürer ameandika jina na umri: Katharina, miaka 20.

Kalamu ya fedha haifutiki. Kila mstari unaouweka kwenye karatasi iliyoandaliwa unabaki, kwa hiyo mchoraji lazima awe ametazama kabla ya kugusa. Ukiukuza mchoro unaona alivyotazama. Kitambaa kimefungwa kichwani hadi nywele hazionekani, na mbele, juu ya paji la uso, kuna pambo. Koti limefungwa hadi shingoni. Kivuli chini ya mdomo kimejengwa kwa mistari midogo midogo, mmoja kando ya mwenzake, bila haraka. Na macho.

Macho yanatazama chini.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Kila niliposoma habari za mchoro huu nilikuta maneno yaleyale: huzuni, unyonge, mtu aliyekata tamaa. Mimi mwenyewe ndicho nilichokiona mara ya kwanza. Kisha nikauweka mchongo wa Erasmus kando yake, kwenye kioo kimoja cha simu, juu na chini.

Erasmus naye anatazama chini.

Kope zimeshuka vilevile, uso umegeuzwa kidogo, mdomo umefungwa. Hakuna aliyewahi kumwonea huruma. Anafikiri, tunasema; amezama kazini. Tofauti ni kwamba chini ya macho yake kuna karatasi, kuna kalamu inayotembea, na nyuma yake kuna kibao kinachotuambia tumsome vipi. Chini ya macho ya Katharina kuna karatasi tupu. Basi tunaijaza sisi, na kinachotujia haraka ni huzuni.

Huenda alikuwa na huzuni kweli. Alikuwa na kila sababu. Alikuwa mtumwa au mtumishi ndani ya nyumba ya mgeni, katika mji wa baridi, akiitwa jina la ubatizo ambalo huenda mama yake hakumpa. Lakini huenda pia alikuwa amechoka kukaa kimya mbele ya Mjerumani mwenye nywele ndefu. Huenda aliambiwa asimtazame mchoraji, kama mpwa wangu alivyoambiwa. Mtu anayewaza hesabu ya sokoni ana macho hayohayo.

Hapo ile sentensi ya Kigiriki ikaniharibikia. "Maandishi yake yataionyesha" ni faraja kwa mwenye maandishi. Kwa Katharina sura ndiyo nakala pekee. Hakuna kitabu cha kuikosoa, hakuna barua kwa rafiki ya kusema mimi si yule wa miaka mitano iliyopita.

Dürer naye ananisumbua. Katika kitabu chake cha vipimo vya mwili wa binadamu, kilichotoka mwaka 1528, aliandika kwamba nyuso za watu weusi ni nadra kuwa nzuri, kwa sababu ya pua na midomo, ingawa alisifu miili yao. Ni mtu yuleyule. Kwenye nadharia alirudia yaliyokuwa yakisemwa. Kwenye karatasi ile ya Antwerp mkono wake haukumtii mwenye nadharia. Sijui niuamini upi zaidi, ila ule wa fedha ndio uliokaa na mtu chumba kimoja.

Aliyejichora kwa Kilatini

Nilitaka kumtafuta mhumanisti mweusi. Yupo.

Juan Latino alizaliwa karibu mwaka 1518, akakulia utumwani huko Hispania, katika nyumba ya familia yenye cheo cha Duke wa Sessa. Kazi yake utotoni ilikuwa kumbebea vitabu bwana mdogo wa nyumba hiyo kwenda shule. Vitabu alivibeba, na yaliyomo akayachukua. Akapata shahada Granada mwaka 1546, akafundisha Kilatini hukohuko miaka mingi, akamwoa Ana de Carleval, binti wa familia yenye jina. Mwaka 1573 alichapisha utenzi wa Kilatini kuhusu vita vya Lepanto vya mwaka 1571, akimsifu kamanda wake, Don Juan wa Austria.

Leo hatuna picha yake inayoaminika. Ni kinyume cha Katharina kabisa: yeye maandishi tele, uso hakuna.

Ila hakuuacha uso wake nje ya maandishi. Ndani ya kitabu hicho, kwenye beti za kumwomba Mfalme Philip wa 2 ampe ruhusa ya kuandika, anasema hivi: kama uso wetu mweusi, ewe Mfalme, unawachukiza watumishi wako, basi uso mweupe nao hauwapendezi watu wa Uhabeshi.

Niliisoma mara ya pili kuhakikisha. Mtu aliyekulia utumwani anamwandikia mtawala mwenye nguvu kuliko wote Ulaya, kwa mizani ya Ovidi, mshairi wa Kirumi, kwamba uzuri unategemea umesimama wapi. Hakumpa mtu mwingine nafasi ya kuandika chini ya sura yake. Aliandika mwenyewe, mapema, kabla hawajauliza.

Ningetaka kuishia hapo, na watu wengi huishia hapo. Ni hadithi tamu.

Nguo zote, kitabu, na shairi

Lakini kuna picha nyingine ambayo ukishaiona huwezi kuiacha nje. Imekuja baadaye sana, karne ya 18, Uholanzi, wakati pozi la Erasmus limeshakuwa la kila mchungaji na kila profesa.

Jacobus Elisa Johannes Capitein alichukuliwa mtoto kutoka Afrika Magharibi, akauzwa, akazawadiwa, akafika Uholanzi mwaka 1728. Akasomeshwa The Hague, kisha Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka 1742 alitoa hotuba yake ya kitaaluma kwa Kilatini safi, na picha yake ikachapwa na kuuzwa. Ana kila kitu. Kanzu ya kichungaji, wigi, na Biblia chini ya mkono. Macho yametulia, na hakuna atakayesema ni mnyonge.

Hotuba ilihusu nini? Kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo.

Nilifunga simu.

Unaweza kumtetea, na wapo wanaofanya hivyo. Alitaka wenye watumwa waache kuogopa kubatiza watumwa, na njia aliyoiona ni kuwahakikishia kwamba ubatizo hautawapotezea mali. Unaweza pia kuuliza kama kijana wa hali yake angeruhusiwa kusimama pale na kusema kinyume. Yote hayo ni kweli, na hotuba bado ni ile. Kwa Erasmus, maandishi yanaonyesha sura bora zaidi. Kwa Capitein, naitazama sura kwanza, namwona kijana mwenye utulivu, halafu maandishi yake yanakuja kuniharibia.

Na chini ya picha yake kuna shairi la Kiholanzi, la rafiki yake. Linamwita mtazamaji amwangalie huyu Mwafrika: ngozi yake ni nyeusi, lakini nafsi yake ni nyeupe.

Lilikusudiwa kuwa sifa. Aliyeliandika alimpenda, sina shaka. Bali ukiliweka kando ya kibao cha Dürer unaona kilichotokea. Erasmus anaambiwa uso wako haukutoshi, wewe ni zaidi yake. Capitein anaambiwa uso wako tunausamehe. Na hilo limeandikwa kwenye karatasi iliyouzwa ikiwa na uso wenyewe, ili asiyejua kusoma Kilatini cha hotuba asome walau hiyo.

Mwaka huohuo alirudi Elmina, ngome ya Waholanzi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, kuwa mchungaji na mwalimu. Akafungua shule, akatafsiri Sala ya Bwana kwa Kifante. Alipotaka kumwoa msichana wa pale, wakubwa wa kanisa walimzuia kwa kuwa msichana huyo hakuwa amebatizwa. Baadaye alimwoa Mholanzi. Akafa mwaka 1747, hajafikisha miaka 35. Ngozi ilimtosha kuwa mgeni Leiden, na kanzu ikamtosha kuwa mgeni kwao.

Jina na umri

Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi ya Antwerp, na sasa naisoma vingine. Ukiacha mwaka na alama yake ya uchoraji, Dürer aliandika juu yake vitu viwili tu. Hakuandika kwamba ni mweusi. Hilo mchoro ulishalisema. Hakuandika nafsi yake ina rangi gani. Neno la umiliki alilitia kwenye shajara, kwenye karatasi halimo. Aliandika anaitwaje na ana miaka mingapi, mambo mawili ambayo, nadhani, ilibidi amwulize mwenyewe, au amwulize mtu mbele yake naye akasikia.

Simsafishi Dürer, nimeshataja kitabu chake. Lakini kati ya maneno yote niliyoyasoma kwenye picha hizi, Kigiriki cha Erasmus, Herkule kwenye kingo za kurasa, akili ya Melanchthon isiyochoreka, shairi la Capitein, hilo la Katharina ndilo pekee ambalo ningekubali liandikwe juu ya mpwa wangu.